Mashine Haijui Kama Iko Ikweta: Hotuba kwa Mafundi wa Mabwawa, Katwe

Jumamosi iliyopita nilizungumza na mafundi bomba, mafundi umeme na watunza mabwawa ya kuogelea waliokutana Katwe, hapa Kampala. Waliokosa wameomba maneno yote, si muhtasari. Haya hapa kama nilivyoyasema, pamoja na pale nilipotoka nje ya njia. Picha za ukutani nimeziacha. Hata siku ile nusu yake hazikuonekana kwa sababu ya jua la dirishani.

*

Mzee mwenyekiti, dada zangu, kaka zangu, mafundi wenzangu, hamjambo?

Sijasikia. Hamjambo?

Ahsanteni. Naona hapa ndugu zetu kutoka Kongo, naona Wakenya wawili wamejificha nyuma karibu na mlango, naona watu wa Bombo ambao Kiswahili walikinyonya kwa mama. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Katwe kilishapitishwa zamani, kwa spana na nyundo. Kwa hiyo nitasema Kiswahili cha karakana, na asiyeelewa neno ainue mkono.

Nimeambiwa nizungumzie bwawa la nyumbani linalojiendesha: maji yanapashwa na jua, pampu inabadilisha kasi yenyewe, mwenye nyumba hagusi kitu. Ni kazi nzuri, na inalipa. Lakini nitaanza na aibu yangu, kwa sababu aibu ndiyo iliyonifundisha.

Ilikuwa saa nane usiku. Simu ikalia. Aliyepiga ni mteja wangu wa Entebbe, mwanajeshi mstaafu. Nikasema, "Ndiyo, Afande." Akasema, "Fundi, pampu yako inanguruma kama kifaru. Nani ameiamuru?"

Nikamwambia, Afande, taima inaizima saa kumi na mbili jioni. Akajibu, "Basi njoo uiambie hiyo taima."

Nikamwomba ashushe breka, ile swichi ya kukata umeme, alale. Asubuhi nikapanda teksi ya Entebbe na mfuko wangu wa vifaa. Askari wa getini akanipokea kwa habari mbaya zaidi: pampu ilikuwa imenguruma hivyo usiku wa tatu sasa. Afande alikuwa safarini Mbarara, akarudi jana yake ndipo akaisikia. Askari yeye alidhani ndivyo mitambo ya kisasa inavyofanya kazi. Kwenye mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, zaidi ya uniti 50 zilikuwa zimekwenda bure.

Nikafungua boksi la kidhibiti, kile kifaa kinachoiamuru pampu. Mnajua kioo kilisema nini? Joto la juu ya paa: digrii 38 chini ya sifuri. Saa nne asubuhi, Entebbe, bati limeanza kuchoma viganja!

Nikapanda darini na tochi. Waya wa kihisi, kile kinachopima joto, umetafunwa na panya, umekatika kabisa. Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu fundi umeme atacheka na fundi bomba atashangaa. Kile kihisi tunachofunga kwenye mabwawa ni kipande kidogo ambacho ukinzani wake, yaani jinsi kinavyozuia umeme, hupanda kadiri baridi inavyozidi. Kwenye digrii 25 kina omu 10,000. Kikipoa, omu zinapanda. Kikipata joto, zinashuka. Waya ukikatika, je? Ukinzani hauna mwisho. Na kidhibiti kikiona ukinzani usio na mwisho, kinasema: huku kuna baridi kali ajabu.

Ndani ya kidhibiti kile kuna mpangilio unaoitwa kinga ya barafu. Umewekwa kwa ajili ya nchi ambazo maji huganda ndani ya mabomba na kuyapasua. Baridi ikikaribia sifuri, pampu inawashwa kwa nguvu zote ili maji yasitulie. Barafu ya Uganda, ndugu zangu, iko Rwenzori, kwenye vilele vinavyofika mita 5,109. Kifaa changu kiliamini bwawa la Afande liko kwenye kilele cha Margherita, kikalipigania usiku kucha.

Mashine ilikosea? Haikukosea. Ilitii. Aliyekosea ni mimi, niliyeitoa kwenye katoni, nikaunganisha waya, nikapokea pesa yangu, na sikuzima mpangilio ambao Entebbe hauna kazi. Mashine haijui iko wapi. Asiyeiambia ni fundi.

Nataka mlishike hilo, kwa sababu nitalirudia mpaka mnichoke. Mashine haijui iko wapi.

Haijui hata kama iko ikweta. Fungueni kitabu chochote kinachokuja na paneli za kupasha maji ya bwawa. Kimoja kinasema zielekeze kusini, kingine kinasema kaskazini, kutegemea kiliandikwa wapi. Sisi je? Mwezi wa tatu na mwezi wa tisa jua linapita utosini. Mwezi wa sita limeegemea kaskazini, mwezi wa kumi na mbili limeegemea kusini. Kule Kayabwe watalii wanapiga picha mguu mmoja upande huu na mguu mwingine upande ule. Paneli haihitaji mambo hayo. Ilaze karibu bapa, iache na mteremko wa kutosha maji kushuka pampu ikizimika, basi. Nimemwona fundi akimjengea mteja fremu ya chuma ya gharama ili paneli zisimame kama zile za kwenye picha ya katoni. Mteja alilipa ili apunguziwe jua.

Sasa tuje kwenye joto lenyewe. Hapa ndipo wateja wanapotuzidi maneno, kwa sababu wengi wetu tunafunga bila kujua hesabu.

Kuna mama mmoja wa Muyenga aliniita kwa ugomvi. Bwawa lake ni la kawaida, mita nane kwa nne, kina cha wastani mita moja na nusu kasoro, yaani maji kama lita 45,000. Juu ya paa ana mita za mraba 30 za zile paneli nyeusi za plastiki. Akanisimamisha kwenye ukingo, akasema, "Fundi, weka mkono wako hapo maji yanapotokea. Ni ya moto?" Nikaweka. Yalikuwa vuguvugu tu. "Unaona? Umenidanganya. Fundi wa kwanza aliyafanya yatoke ya moto kabisa!"

Nikamuuliza, na bwawa wakati huo lilikuwa la moto? Akanyamaza kidogo. "Hapana. Watoto walikuwa wanatetemeka."

Mnajua fundi wa kwanza alifanya nini? Alibana valvu. Maji yakapita kwenye paneli polepole, kama matone, yakachemka huko juu, yakatoka kidogo na ya moto. Mkono wa mama ukafurahi. Lakini paneli yenye joto kali inamwaga joto lake hewani kabla halijafika bwawani. Upepo wa Muyenga ndio uliokuwa unaoga maji ya moto!

Maji mengi, yenye tofauti ndogo, ndiyo yanayopasha bwawa. Yakirudi na digrii mbili au tatu zaidi ya yalivyopanda, kazi imekwenda sawa. Mimi hupitisha kama lita 15 kwa dakika kwenye kila paneli kubwa. Ukisikia mteja analalamika kwamba hayachomi, mweleze. Usibane valvu kumfurahisha.

Na mpe hesabu. Uniti moja ya umeme, ikigeuzwa yote kuwa joto, inapandisha lita 860 za maji kwa digrii moja. Kwa hiyo bwawa la yule mama linataka uniti 52 kupanda digrii moja tu. Kwa shilingi 750 hivi kwa uniti, hiyo ni karibu 40,000. Digrii moja! Kesho usiku imeondoka. Jua letu, siku njema, linashusha kama uniti tano kwenye kila mita ya mraba. Paneli zikishika asilimia 60 ya hilo, mita 30 zinakupa uniti 90 za joto, na jua halijui Yaka. Nilipomwandikia mama tarakimu hizi nyuma ya risiti, aliichukua akaibandika kwenye friji.

Sasa nani anaamua saa ya kupandisha maji juu ya paa? Zamani ni mtunza bwawa. Anashika bati, anatazama wingu, anageuza valvu. Kidhibiti kinafanya hivyohivyo, hakina uchawi. Kina vihisi viwili: kimoja kwenye bomba la maji ya bwawa, kingine juu ya paa kando ya paneli. Paa likilizidi bwawa kwa digrii tano, kinatuma umeme wa volti 24 kwenye mota ndogo iliyokaa juu ya valvu ya njia tatu. Valvu inazunguka taratibu, kama nusu dakika hivi, na maji yanapanda. Tofauti ikishuka mpaka mbili, valvu inarudi. Bwawa likifika joto ulilopanga, tuseme 29, valvu inarudi hata kama jua linawaka. Ndiyo akili yote hiyo. Kulinganisha namba mbili.

Na kwa kuwa ni namba mbili tu, ukiharibu mojawapo umeharibu kila kitu. Nimekuta kihisi cha paa kimefungwa kwenye kivuli cha tangi la maji, kwa sababu hapo ndipo waya ulipoishia. Nimekuta kihisi cha maji kwenye bomba lililoachwa wazi juani, kwa hiyo kila siku ifikapo saa sita kidhibiti kinaamini bwawa lina digrii 45. Msiniulize nani alifunga hicho cha pili.

(Kicheko. Ndiyo, ni mimi.)

Haya. Pampu.

Ninyi nyote mmefunga pampu ya kasi moja. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, mota inazunguka kama mara 2,850 kwa dakika, na haina mjadala: imewaka au imezima. Pampu ya spidi ina inveta ndani yake, kifaa kinachobadilisha mizunguko hiyo ya umeme; unaiambia zunguka 1,400, inazunguka 1,400. Ghali? Ghali. Kwa nini mteja ainunue?

Nitawapa maneno matatu, semeni pamoja nami. Nusu. Robo. Thumni.

Tena. Nusu! Robo! Thumni!

Ukipunguza kasi ya pampu iwe nusu, maji yanakuwa nusu. Msukumo, ule uwezo wa kuyapandisha juu, unakuwa robo. Na umeme inaokula unakuwa thumni, sehemu moja ya nane. Sikuitunga mimi, wala hakuitunga muuzaji wa pampu wa Nabugabo. Ndivyo pampu za aina hii zilivyo duniani kote.

Chukua pampu inayokula wati 1,400 kwa kasi kamili. Saa nane kwa siku ni uniti 11 na kitu. Ipunguze nusu, iache saa 16 ili maji yaliyochujwa yawe yaleyale. Kwa hesabu tupu ni uniti karibu tatu. Kwa kweli haifiki hapo, inveta nayo ina ushuru wake. Mimi nikipima kwa Afande nilipata wati 240, yaani uniti nne kasoro. Lakini kutoka 11 hadi nne kila siku ya Mungu, mwezi mzima? Nani hapa hataki?

Umeona wengi wanavyokimbilia hapo. Wanafunga pampu ya spidi, wanaiweka 1,400, wanaondoka wakipiga mluzi. Siku ya pili mteja anapiga simu: bwawa limepoa.

Kwa nini? Jibu liko kwenye neno la pili. Robo!

Pampu yenye msukumo wa mita 16 kwa kasi kamili, ukiipunguza nusu inabaki na mita nne. Paa liko mita tano juu ya pampu. Maji yatafika? Yatapanda kwenye bomba, yatasimama mita moja chini ya paneli, yatakutazama. Valvu imegeuka, taa ya kijani inawaka, kidhibiti kimeridhika, na juu ya paa hakuna hata tone. Mashine haijui iko wapi, wala haijui paa liko wapi.

Hili nililishughulikia kwa Afande, na ningependa mlione kwa karibu. Nilikaa kwenye ukingo wa bwawa, simu ya kuendeshea pampu mkononi, macho kwenye tundu maji yanaporudi. Nikaiweka 2,700. Ikavuma, bomba likatetemeka, halafu mapovu mengi yakatoka, bwawa likawa kama soda iliyotikiswa. Hiyo ni hewa iliyokuwa kwenye paneli, inasukumwa nje. Dakika mbili, tatu, mapovu yakaisha. Maji yameshajaa juu na yanashuka upande wa pili, yanavutana yenyewe.

Nikashusha hadi 1,700. Mapovu yakarudi, madogo madogo, mfululizo, yakifanya sauti kama mtu anayekoroma. Hapo fundi asiyejua anaanza kutafuta bomba lililopasuka. Hakuna lililopasuka. Kule juu tumeweka valvu ndogo ya kuingiza hewa, ili pampu ikizimika maji yashuke yote na paneli zisinywee. Shinikizo likiwa dogo mno, maji yanayoshuka yanavuta hewa kupitia valvu hiyohiyo. Basi nikapandisha pole pole, 1,800, 1,900, 2,000. Kwenye 2,050 mkoromo ukakata. Nikaongeza kidogo kwa ajili ya siku chujio likiwa chafu, nikaandika 2,100 kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko wa boksi.

Kwa hiyo mpangilio ukawa huu: kidhibiti kikisema jua limefika, pampu inapanda 2,700 kwa dakika tatu, kisha 2,100 mpaka jua liondoke. Nje ya hapo, 1,400 ya kuchuja tu. Kwenye 2,100 inakula kama wati 560, na jua likiwaka vizuri, kila uniti ya umeme unayotoa inashusha kama uniti 20 za joto kutoka paani. Nani mwingine anakupa riba hiyo Kampala?

Namba zangu msizinakili. Paa lako ni lako. Kaeni ukingoni, tazameni mapovu.

Nipite haraka kwenye kifuniko, maana hakina waya na mafundi hawakipendi. Kitu kinachoiba joto la bwawa kuliko kingine chochote ni maji kugeuka mvuke. Kila lita inayoondoka hewani inabeba joto ambalo lingepandisha lita 580 kwa digrii moja. Kwenye bwawa moja la Munyonyo, ambako upepo wa ziwa hauchoki, nilipima usiku wazi na usiku uliofuata limefunikwa: bila kifuniko liliamka limeshuka digrii mbili, limefunikwa halikushuka hata moja. Kile kitambaa cha plastiki chenye vifuko vya hewa kilishinda paneli kadhaa. Mteja akiwa na pesa kidogo, aanze na kifuniko. Najua tunapata faida ndogo hapo. Aanze na kifuniko.

Na umeme wetu? Unakatika, unarudi na volti za ajabu, na radi za ukanda huu wa ziwa hazina huruma. Weka kinga ya radi kwenye boksi. Chagua kidhibiti ambacho umeme ukirudi kinakumbuka saa na mipangilio, la sivyo utapigiwa simu kila wiki. Wengine mnapenda kila kitu kiende kwenye simu ya mteja, sawa, inapendeza, lakini uamuzi wa kugeuza valvu ubaki ndani ya boksi pale nyumbani. Bando likiisha, jua halisubiri.

Sasa niseme jambo ambalo sitalifanyia mzaha.

Bosi mmoja yuko nje ya nchi. Nyumba iko Kampala, sitasema mtaa. Kijana anayetunza bwawa amezima pampu kwa kitufe, amefungua mfuniko wa kikapu cha pampu, ametoa majani, amerudisha mfuniko ila hajaukaza. Ameinama kuokota mpira wa kuzibia uliomdondoka. Bosi kule aliko ana simu mpya na anataka kumwonyesha rafiki yake jinsi anavyowasha bwawa lililo Uganda. Akabonyeza.

Pampu ikaamka kwa kasi kamili, hewa ikabanwa ndani, mfuniko ukaruka. Ulipita pale kilipokuwa kichwa chake sekunde moja kabla. Nimeuona ukuta ulipogonga. Plasta imetoka ukubwa wa sahani. Yule kijana yuko hapa leo, amekaa mstari wa tatu, na ameniruhusu kusimulia bila jina. Mpigieni makofi kwa kuwa hai.

Pampu iliyozimwa kwa kitufe haijazimwa. Imelala. Pampu inayojiendesha itaamka ikiamrishwa na taima, na jua, na mtu aliye bara jingine. Ukigusa pampu, shusha breka, na breka iwe mahali unapoiona ukiwa umeinama, si ndani ya jiko la bosi. Mimi sasa naweka swichi ya kufunga kwa kufuli kando ya kila pampu, na funguo anakaa nayo mtunza bwawa. Breka ya kinga ya mshtuko, ya miliampea 30, ni lazima. Mteja akisema ni ghali, acha kazi. Na tundu la kufyonza chini ya bwawa lisiwe moja. Yawe mawili, yametengana, yenye vifuniko visivyong'oka, ili mgongo wa mtoto ukiziba moja, lingine linavuta. Pampu inayoweza kupanda kasi yenyewe watoto wakiwa majini haina utani.

Naona mkono. Ndiyo, mzee wangu, sema.

(Mzee mmoja, mtunza bwawa, aliuliza: "Fundi, umesema mashine sasa inageuza valvu, inawasha pampu, inajua jua. Mimi nimefanya kazi hiyo miaka mingi. Bosi ataniweka wa nini?")

Ahsante mzee. Nilikuwa naogopa swali hilo na nilijua litakuja.

Sitakudanganya. Wako mabosi watakaojaribu. Mmoja alimwachisha kijana wake wiki niliyomaliza kufunga, akaniambia mbele yangu, "Sasa mashine inatosha." Baada ya muda akanipigia: maji ya kijani, skima, yale matundu ya ukingoni yanayokusanya takataka, zimezibwa na majani ya mwembe, pampu inavuta hewa, na kidhibiti kwa utulivu kabisa kinapeleka maji ya kijani juu ya paa kuyapasha. Hakuna kihisi cha majani, mzee. Hakuna kihisi cha nyoka, wala cha mtoto wa jirani aliyeruka ukuta. Alimrudisha kijana, na ninavyosikia alimrudisha kwa mshahara mkubwa kidogo, maana kijana naye si mjinga.

Ila nikuombe kitu. Usikubali fundi aondoke bila kukuonyesha. Mimi kosa langu kwa Afande lilikuwa hilo pia. Yule askari alisikia pampu siku tatu na hakusema, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba usiku inatakiwa inyamaze. Dakika tano za maelezo zingeokoa zile uniti. Tangu siku hiyo simkabidhi mwenye nyumba peke yake. Ninamwita mtunza bwawa, ninamwita askari, na kila mmoja anaigeuza valvu kwa mkono mbele yangu, kwa sababu ile mota ina kitufe cha kuiachia ili valvu ishikwe kwa mkono siku ikigoma.

Nimezungumza vya kutosha, naona chapati zinapita huko nyuma na nyuso zimegeuka. Lakini msinyanyuke bado. Hapa mezani nina kihisi kile kile, cha omu elfu kumi, na kikombe cha barafu niliyonunua hapo nje kwa muuza soda. Nani ana multimita? Wewe, ssebo, njoo. Na wewe mzee uliyeuliza, njoo ushike waya. Weka kwenye omu. Sasa hivi inasoma ngapi? Elfu kumi kasoro, vizuri, chumba kimepata joto. Kibane kwenye kiganja... inashuka, mnaona, inakwenda elfu saba. Sasa kitumbukize kwenye barafu. Ngoja. Ngoja kidogo. Soma kwa sauti, mzee, wa nyuma wasikie.

Elfu kumi na tano. Elfu ishirini. Inaendelea kupanda.

Haya, sasa chomoa waya mmoja, utwambie mashine inadhani tuko wapi.